Peke Yako Kwenye Meli ya Kitalii: Yanayosemwa Kuhusu Bei na Yalivyo Kweli

Tangazo linasema safari ya usiku 7, kuanzia dola 700. Msafiri asiye na mwenzake anaingia kwenye tovuti, anachagua abiria 1, anafika ukurasa wa malipo na kukuta dola 1,600 na ushei. Wengi huishia hapo, wakaweka simu chini na kuapa kwamba biashara ya meli za kitalii ni wizi mtupu. Si wizi, ingawa matangazo yale yana ujanja wake. Tatizo ni kwamba kuna maneno yanayorudiwa kila siku kuhusu bei hizi, mengine na mawakala wenyewe, na anayeyaamini ndiye anayelipa zaidi.

"Bei iliyoandikwa ni ya mtu mmoja, basi mimi mmoja nalipa hiyo hiyo"

Ni ya mtu mmoja kweli, ila mtu mmoja aliye ndani ya chumba cha watu wawili. Royal Caribbean, Carnival, MSC, Costa, Norwegian na karibu kampuni zote kubwa za meli huandika nauli kwa kichwa huku zikichukulia kwamba vichwa ni viwili. Kinachouzwa ni chumba. Aliyezoea gesti za kwetu anaelewa haraka: chumba ni chumba, ukilala peke yako au mkilala wawili, bei haibadiliki. Tofauti ni kwamba mwenye gesti anakutajia bei ya chumba tangu mlangoni, na kampuni ya meli inakutajia nusu.

Ukiingia mmoja unaongezewa kile kinachoitwa nyongeza ya mtu mmoja. Kwenye meli kubwa kwa kawaida ni asilimia 100 ya nauli, maana yake unalipia vitanda vyote viwili.

"Hiyo nyongeza ni adhabu ya kutokuwa na mwenzi"

Hapa hasira ina haki yake, lakini tuangalie hesabu inavyokwenda. Nauli ni sehemu tu ya mapato ya meli. Mtu akishapanda, anauziwa vinywaji, kasino, masaji, picha, bando la intaneti na matembezi ya nchi kavu kila bandari. Kitanda kikibaki kitupu, kampuni inakosa nauli ya mtu wa pili na pia inakosa mfuko wake kwa wiki nzima. Kwa hiyo hata ukilipa nauli mara mbili, kwa macho ya mhasibu wao bado umewapunguzia.

Kuna jambo jingine ambalo abiria hawalioni. Sekta hii hupima ujazo wa meli kwa watu wawili kwa kila chumba. Familia ikiweka watoto kwenye vitanda vya juu, ujazo unavuka asilimia 100, na kampuni kubwa hutangaza takwimu za namna hiyo kwa wenye hisa mwaka baada ya mwaka. Ndani ya mfumo huo, msafiri mmoja kwenye chumba kimoja anahesabika kama nusu ya chumba iliyokwenda bure. Ukiujua mfumo huo unajua pia mahali pa kutafuta nafuu: safari ambazo hazijai. Majira yasiyo na likizo za shule, safari za kuhamisha meli kutoka bara moja kwenda jingine mwanzoni na mwishoni mwa msimu, na safari ndefu ambazo mwenye kazi ya kuajiriwa hawezi kuzifuata. Huko ndiko nyongeza hushuka hadi nusu au robo ya nauli, na mara chache ikafutwa kabisa. Kampuni ndogo za kifahari hufanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko zile za umati.

"Ukitozwa asilimia 100, unalipa kila kitu mara mbili"

Hapana, na hii ndiyo dhana inayowakimbiza watu bila sababu. Nyongeza huwekwa kwenye nauli. Kodi na tozo za bandari hutozwa kwa abiria aliyepo, na bakshishi ya kila siku kwa wahudumu vilevile.

Chukua namba za mfano. Nauli dola 700 kwa kichwa, kodi na tozo za bandari dola 150, bakshishi dola 16 kwa siku, sawa na dola 112 kwa wiki. Walio wawili wanalipa dola 962 kila mmoja. Wewe mmoja unalipa 1,400 na 150 na 112, jumla dola 1,662. Ni nyingi, sikatai. Lakini ukiilinganisha na 962, umezidishiwa asilimia 73 hivi, si 100. Na kadiri tozo zinavyokuwa kubwa na nauli kuwa ndogo, pengo hilo linazidi kupungua. Ndiyo maana chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwenye safari ya bei ya chini, mara nyingi ndipo nyongeza inapouma kidogo kabisa.

Kuna na kifuta jasho: kwenye mpango wa uaminifu wa Royal Caribbean, yaani ule wa kuwazawadia wateja wanaorudi, anayelipa asilimia 200 ya nauli kwa kukaa peke yake hupewa pointi maradufu kwa kila usiku. Kwa anayesafiri mara kwa mara si haba, maana anapanda ngazi upesi kuliko wanandoa waliosafiri siku zile zile.

"Chumba cha mtu mmoja ndicho nafuu siku zote"

Vyumba vya aina hii vina historia fupi. Mwaka 2010 Norwegian ilipoingiza majini meli ya Norwegian Epic, ilikuwa na vyumba 128 vilivyojengwa mahsusi kwa mtu mmoja. Kila kimoja kina mita za mraba 9 hivi. Dirisha lipo, ila linatazama kwenye korido, si baharini. Ukifungua pazia unaona wapita njia. Kilichowavutia watu ni sebule ya pamoja iliyowekwa jirani, ambayo hufunguliwa kwa kadi za wenye vyumba hivyo tu, mahali pa kunywa kahawa na kupanga na wenzako mshuke bandarini pamoja. Wazo lilishika. Kuanzia 2024 kampuni hiyo ilisambaza vyumba vya bei ya mtu mmoja kwenye meli zake zote, vikiwemo vya dirisha la bahari na vya roshani.

Wengine wakafuata kwa kasi zao. Royal Caribbean iliviweka kwenye meli za kundi la Quantum kuanzia 2014. Baadhi ya vile vya ndani vina skrini ya ukutani inayoonyesha bahari ya nje muda ule ule, na vichache vina roshani ya kweli. Cunard ilipoikarabati Queen Mary 2 mwaka 2016 iliongeza vyumba 15 vya mtu mmoja, vyenye madirisha makubwa, kwenye meli inayobeba zaidi ya watu 2,500. Kumi na tano! Hiyo namba inatosha kukueleza kwa nini vinawahiwa mapema na kwa nini bei yake haina haraka ya kushuka.

Basi unafuu uko wapi? Wakati mwingine upo, wakati mwingine haupo. Tukirudi kwenye mfano wetu, chumba cha mtu mmoja kikiuzwa dola 1,150, ukijumlisha tozo na bakshishi unafika 1,412, na umeokoa dola 250. Kikiuzwa 1,450, chumba cha kawaida cha watu wawili kwa 1,400 kinakupa nafasi kubwa zaidi kwa fedha pungufu. Hali hii hutokea sana karibu na sikukuu, wapweke wakigombania vyumba vichache huku vya watu wawili vikiwa bado vipo. Ukitafuta, fungua kurasa mbili: moja ya chumba cha mtu mmoja, nyingine ya chumba cha ndani cha kawaida kwa abiria 1. Mimi ningefungua na ya tatu, kwa abiria 2. Kampuni zikiwa na ofa ya kumpunguzia mgeni wa pili, mtu mmoja huwa haguswi na ofa hiyo, na unaweza kukuta jumla ya wawili iko chini ya jumla ya mmoja. Ukilikuta hilo, mwoneshe wakala na umwombe akulinganishie. Kuandika jina la rafiki ambaye unajua hatakuja, kama wanavyoshauriana watu, kunakuingiza kwenye masharti ambayo hukuyasoma.

Kwa Waswahili walioko Uingereza, soko la huko lina ladha yake. Fred. Olsen ina vyumba vya mtu mmoja vya ngazi mbalimbali, kuanzia vya ndani hadi vya roshani. Saga, ambayo huwachukua waliotimiza miaka 50, ina meli mbili za bahari, Spirit of Discovery ya 2019 na Spirit of Adventure ya 2021. Vyumba vyote vina roshani, na zaidi ya 100 katika kila meli ni vya mtu mmoja. Bei yake ukiitazama harakaharaka utashtuka. Lakini ndani yake kuna bima ya safari na gari la kukuchukua nyumbani hadi bandarini, vitu ambavyo kwingine utavilipia pembeni.

"Palipoandikwa 'hakuna nyongeza' ndipo rahisi"

Asilimia sifuri ya bei kubwa bado ni bei kubwa. Tauck, kampuni ya Kimarekani, haitozi nyongeza kwenye vyumba vyake vya kundi namba 1, yaani vya sitaha ya chini, katika safari za mito ya Ulaya. Ni ofa ya kweli kabisa. Ila bei ya msingi ni mara kadhaa ya ile ya meli za umati, kwa sababu matembezi, vinywaji na bakshishi vimo ndani. Anayetaka kuota jua na kula bafe atakuwa amelipia asichokihitaji. Anayetaka kuongozwa kila mji huenda akaona amepata nafuu.

Kinachosaidia ni kugawanya: jumla yote utakayolipa, pamoja na nauli ya ndege na visa, kwa idadi ya usiku. Ukisha kuwa na namba hiyo kwa kila kampuni, maneno ya kwenye tangazo hayakuhusu tena.

"Subiri dakika za mwisho, watakutupia bei"

Ushauri huu umeandikwa na mtu anayeishi Florida, mwendo wa saa moja kutoka bandarini. Kwake unafanya kazi. Malipo ya mwisho huwa yanadaiwa takriban siku 90 kabla ya safari. Wanaoghairi wakishatoka, vyumba hurudi sokoni na bei inaweza kuporomoka.

Sasa mweke mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anayetaka kuondokea Barcelona. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, yenyewe ni yuro 90 tangu Juni 2024, na sheria inataka ombi liwasilishwe angalau siku 15 kabla ya safari. Linaweza kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla. Kwa kupata miadi tu unaweza kusubiri. Halafu kuna mtego ambao wakala mvivu hakuambii: meli ikitia nanga Morocco, Uturuki au Uingereza katikati ya safari, umetoka Schengen, na kurudi kunahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye visa ya kuingia mara moja anaweza kukataliwa kupanda meli siku ya safari, na fedha zisirudi. Nchi hiyo ya nje ya Schengen nayo huenda ikataka visa yake, hata kama huna mpango wa kushuka. Kwa safari za Karibi kutoka Miami, unahitaji visa ya utalii ya Marekani, na foleni yake inajulikana.

Kwa msafiri wa kwetu, basi, bei nzuri ni ya mapema, yenye amana inayorudishwa au ndogo kiasi cha kuvumilika ikipotea. Na vyumba vya mtu mmoja, kwa uchache wake, ndivyo vinavyokwisha kwanza. Ni nadra vikafika dakika za mwisho.

Anayetaka kuonja kabla ya kujitosa aangalie Durban. MSC huweka meli huko majira ya joto ya kusini, kuanzia Novemba hivi, na baadhi ya safari ni za usiku 3 au 4 tu, kwenda Pomene au Portuguese Island upande wa Msumbiji. Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila visa tangu Januari 2023. Nyongeza utatozwa, lakini nyongeza ya usiku 3 haifanani na ya usiku 14.

"Utakaa mpweke katikati ya maharusi na wazee"

Hili halihusu bei moja kwa moja, ila ndilo linalowafanya watu walipie chumba cha roshani wakidhani watajifungia humo. Ratiba ya kila siku kwenye meli nyingi huwa na mkutano wa wasafiri wa peke yao, mara nyingi siku ya kwanza jioni. Cunard ina wacheza dansi walioajiriwa kucheza na waliokuja bila mwenzi. Asiyetaka watoto anayo Virgin Voyages, ambayo haipokei aliye chini ya miaka 18.

Kinachosahaulika ni meza. Wakati wa kuweka nafasi, chagua chakula cha jioni cha saa maalumu na uombe meza kubwa ya kuchanganyika na wengine. Ukichagua saa huria huenda ukawekwa meza ya wawili, kiti cha mbele kikiwa kitupu, usiku wote. Usipoiomba mapema, siku ya kupanda mtafute msimamizi wa ukumbi wa chakula kabla ya chakula cha jioni, maana meza hizo nazo hujaa.