Sanamu ya anime ya bei rahisi sio feki, jamani

Nimeulizwa tena wiki hii, swali lilelile, safari hii kwa sauti ya WhatsApp na mtu kashakasirika kuhusu sanamu ya Goku wa Dragon Ball: "kama Goku ni orijino mbona bei yake hata yeni 3,000 haifiki wakati mwingine anauzwa 20,000? Umeniletea feki." Kazi yangu ni kukagua sanamu za anime (katuni za Kijapani) za mtumba hapa Osaka, chapa za Banpresto, Sega, Taito, FuRyu zinapita mkononi kwangu kutwa nzima, na hili la "rahisi maana yake feki" limenichosha kabisa, kwa hiyo naliandika lote hapa halafu nitakuwa natuma linki.

Sanamu hizi za bei rahisi ni zawadi za mashine za kumbi za gemu, zile unazoendesha mikono ya chuma kunasa boksi, na bei yake imeanzia kwenye sheria, haijaanzia kwenye uchakachuaji. Kumbi za gemu Japani ziko chini ya sheria ya biashara za starehe ya 1948, hiyohiyo inayobana pachinko, mchezo wa vijipira unaochezwa kama kamari, na msimamo wa polisi ni kwamba kitu kinachotolewa kama zawadi kwenye mashine kisizidi takriban yeni 1,000 kwa bei ya dukani. Kabla ya 2022 ilikuwa 800. Yaani mtengenezaji anapewa ukomo kwanza ndo anakaa chini kufikiria Goku asimame vipi, nywele ziwe vipande vingapi, rangi zipigwe mara ngapi. Anatengeneza nyingi kwa mpigo, anauzia kumbi kwa katoni, hazipangwi dukani kama bidhaa ya kawaida na ndo maana ukitafuta "bei rasmi" ya Kijapani huioni. Wachezaji wanazishinda, wanazozipata mbilimbili wanapeleka maduka ya mtumba, kama Mandarake, Suruga-ya na yale ya mtaa wa Den Den Town hapa kwetu, na huko ndo zinakopata bei unayoiona wewe. Nje ya Japani Bandai wanaziuza madukani kawaida tu, kwa hiyo ukiikuta Marekani kwenye rafu haimaanishi imeibiwa.

Halafu ukomo ni wa thamani ya zawadi, sio wa hela unayochoma kwenye mashine. Mchezo mmoja mara nyingi ni yeni 100, nyingi zinakupa michezo 6 kwa 500, na hakuna anayekuzuia kumaliza 5,000 kwa sanamu ya 1,000. Mashine za sanamu nyingi zina fimbo mbili zimelazwa kama reli, boksi limekaa juu yake, na anayeanza anataka kulinyanyua. Halinyanyuki hilo. Nguvu ya mikono inapangwa na wafanyakazi wa ukumbi na mara nyingi ni dhaifu makusudi, kwa hiyo unalizungusha, unasukuma kona, unalivuta kidogo kidogo mpaka upande mmoja uchungulie kati ya fimbo likaanguka lenyewe. Likikwama mwite mfanyakazi, wengi wanalirudisha mahali pazuri bila neno, ni jambo la kawaida wala usione haya. Zile za mikono mitatu nyingi zinabana kwa nguvu kwa vipindi tu, mimi siwashauri watu, nunua mtumba.

Sasa feki. Kinachoniudhi ni kwamba watu wanatumia dalili za urahisi kama dalili za feki, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Sanamu ya zawadi ya orijino INA mstari wa kuunganisha kwenye nywele, mara nyingine kwenye bega. Ina rangi bapa, kivuli kidogo sana, stendi ni duara la plastiki lisilo na mapambo. Banpresto nyingi hazina hata trei ya plastiki ngumu ndani, unafungua boksi unakuta mwili kwenye mfuko wake, kichwa kwenye mfuko wake, stendi kwenye wake, basi. Boksi lenyewe ni katoni iliyofungwa pande zote bila dirisha. Hayo yote ni pesa iliyookolewa ili ukomo usivukwe. Ukilinganisha na sanamu ya 1/7 (moja ya saba ya kimo cha mhusika) ya kampuni za Alter au Good Smile ya yeni 20,000 bila shaka utaona tofauti, lakini tofauti hiyo ni ya bajeti, na zote mbili zina leseni.

Feki inajulikana kwa mambo ambayo kiwanda chenye leseni hakikosei hata kikibana matumizi. Anza na macho. Kwenye orijino macho yanachapwa kwa mashine, kwa hiyo hata sanamu rahisi kuliko zote ina kingo za jicho kali, mboni zote mbili zinatazama sehemu moja. Kwenye feki jicho moja limepanda, au weupe umevuja nje ya mstari. Ngozi: orijino imefifia kama haina mafuta, feki inang'aa kama imepakwa mafuta ya mgando. Kisha chomeka mguu kwenye stendi, orijino inaingia kwa kusukuma kidogo na inakaa, feki unahangaika na pini nene kuliko tundu. Geuza stendi au nyayo usome maandishi ya hakimiliki, Dragon Ball utakuta BIRD STUDIO/SHUEISHA na TOEI ANIMATION, na maandishi yawe yanasomeka, sio mabonge. Imeandikwa China? Sawa. Vietnam? Sawa pia. Sanamu orijino nyingi mno zinatengenezwa China, za bei ghali zikiwemo, sijui nani aliwaambia watu kwamba orijino lazima iwe imeandikwa Japani.

Na ile stika ya paka. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Stika ya kung'aa yenye uso wa paka ni ya studio ya katuni ya Toei Animation, ipo kwenye mali za Toei, Dragon Ball, One Piece, Sailor Moon. Tanjiro na Nezuko HAWANA stika hiyo na hawatakuwa nayo, anime yao ya Demon Slayer ni ya kampuni za Aniplex na ufotable, Toei hawahusiki. Kuna mtu alirudisha Nezuko safi kabisa, boksi halijafunguliwa, kisa "haina paka". Na upande wa pili stika yenyewe inaigwa, kwa hiyo kuwepo kwake peke yake hakuniridhishi, naanzia kwenye macho, stika ni nyongeza.

Nikiri jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi. Sanamu isiyo na boksi, picha moja tu, mwanga wa taa ya njano, mimi siwezi kukuambia ni feki au orijino, na simwamini anayesema anaweza. Orijino nazo zinatoka na doa la rangi shavuni, na feki za miaka hii zimekuwa nzuri kiasi kwamba kuna nilizozishika, nikazigeuza, nikaziweka pembeni bila uamuzi. Zikiwa hivyo sizinunui. Na ndiyo, feki nyingi zinaiga hizihizi za Banpresto, kwa sababu zina wateja wengi, hapo ndipo jina lilipochafuka.

Mwingine aliniambia Banpresto ilishafungwa kwa hiyo mpya zote ni feki. Kampuni iliunganishwa ndani ya kundi la Bandai 2019, jina limebaki kama chapa ya Bandai Spirits, sanamu zinaendelea kutoka. Sega vilevile, kumbi zao za gemu waliwaachia kampuni ya GENDA na leo zinaitwa GiGO, lakini sanamu za zawadi za jina la Sega zipo, zile za mfululizo wa Luminasta za Miku, yule mwimbaji wa kidijitali, nazishika kila mara. Ichiban Kuji ni habari nyingine, hiyo ni bahati nasibu ya dukani kwa tiketi, kila tiketi inapata kitu, mashine haihusiki.

La mwisho kwa walioko Dar, Mombasa na Muscat, maana malalamiko yake yanafanana: "imeanza kunata, imeinama, ni feki." PVC laini inatoa mafuta yake ikikaa imefungiwa kwenye joto, orijino na feki sawasawa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, ikauke kivulini, iweke panapopita hewa mbali na dirisha. Kama mguu umelala, toa kwenye stendi, uzamishe sehemu hiyo tu kwenye maji ya moto yasiyochemka mpaka ilainike, inyooshe kwa vidole, ishike hivyohivyo ndani ya maji ya baridi mpaka igande. Usitumie moto wa jiko.