Viwanda vya kwanza vya pamba: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wengi wakisikia kiwanda cha kwanza cha pamba cha Uingereza hupata picha ya dohani ndefu ikitoa moshi katikati ya mji. Hiyo ni Manchester ya baadaye. Richard Arkwright alipoanzisha kiwanda chake cha kusokota uzi mwaka 1771 alikwenda Cromford, kijiji cha bondeni huko Derbyshire, kwa kuwa alitaka maji ya kuzungusha gurudumu. Hata injini za mvuke zilipoanza kuingia viwandani miaka ya 1780, nyingine zilifanya kazi ya kupandisha maji tu, ili yamwagikie tena gurudumu.

Husemwa pia kwamba walijenga ghorofa tano kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Kilichopandisha majengo haya ni namna ya kugawa nguvu. Gurudumu lilizungusha mhimili mmoja uliosimama wima kutoka chini hadi juu. Katika kila ghorofa mihimili ya kulala iliupokea mzunguko huo, na mashine zikaupata hapo. Mhimili ukirefushwa sana, nguvu hupotea njiani kwa msuguano na wenyewe hujisokota. Ikawa afadhali kupanga mashine ghorofa juu ya ghorofa kuliko kuzitandaza chini.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ya madirisha. Watu hutazama zile safu ndefu za vioo wakasema wenye viwanda waliwajali wafanyakazi wao. La hasha! Mwanga ulikuwa wa uzi. Ukikatika, lazima mtu auone upesi na kuuunga, na wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa watoto. Ndiyo maana majengo yalikuwa membamba, upana wa mita 9 hivi, mwanga wa pande mbili ufike katikati. Hewa safi haikuwa hesabuni: pamba hukatika kwenye hewa kavu, kwa hiyo mara nyingi madirisha yalibaki yamefungwa na watu wakavuta vumbi la pamba kutwa. Pale Cromford kazi haikukoma hata usiku, mishumaa iliwashwa.

Sasa fikiria mishumaa, vumbi la pamba, na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mashine. Hapo ndipo chuma kinapoingia, na hapo pia watu hukosea wakidhani kililetwa ili majengo yarefuke. Kililetwa kwa kuogopa moto. Mwaka 1792 William Strutt alianza kujenga kiwanda huko Derby chenye nguzo za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Boriti zilikuwa bado za mbao, lakini alizipiga lipu zisishike moto. Kati yake akajenga matao ya matofali, juu ya matao akamwaga mchanga, juu ya mchanga akapanga vigae. Charles Bage akamaliza kazi hiyo mwaka 1797 huko Shrewsbury, katika kiwanda cha kitani: nguzo za chuma, boriti za chuma, mbao hakuna. Nguzo zake zina umbo la msalaba na zimenenepa katikati, pale ambapo nguzo iliyolemewa huelekea kupinda. Kiwanda cha akina Strutt huko Belper kilipoungua mwaka 1803, kilijengwa upya kwa mfumo huo mwaka uliofuata.

Kwa hiyo anayesema jengo la fremu ya chuma lilizaliwa Chicago, Marekani, miaka ya 1880 amechelewa karibu miaka 90. Jambo moja tu katika dai hilo ni kweli: fremu ya viwandani haikubeba jengo zima, kwani kuta za nje za matofali au mawe ziliendelea kubeba mzigo.

Tena chuma hicho hakikuwa salama kama kilivyosifiwa. Chuma cha kusubu huvumilia kugandamizwa, lakini kikivutwa hukatika ghafla bila kupinda kwanza, na upande wa chini wa boriti ndio unaovutwa. Mwaka 1844 kiwanda kimoja huko Oldham kiliporomoka na kuua wafanyakazi, bila moto wowote.