Sweta la Julai linaficha mengi

Juni na Julai huku Mbeya hakuna anayemshangaa mwanafunzi kushinda na sweta hadi jioni. Kijana mwenye pumu ya ngozi (ekzema), soriasisi (mabaka yenye magamba) au mbalanga (mabaka meupe) huvaa hilohilo hata Novemba, jua likiwaka, na bado hatumuulizi. Badala yake tunamwambia maneno ambayo mengi si kweli.

"Usikae naye, atakuambukiza."
Magonjwa hayo matatu hayaambukizi, si kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kuchangia beseni la kuogea. Kweli, upele na fangasi huambukiza, lakini kutofautisha ni kazi ya daktari, si ya wanabweni. Mbaya zaidi ni minong'ono kwamba ana UKIMWI. Mtoto anatengewa ndoo yake, anabandikwa jina, anaacha kwenda kwenye michezo kwa sababu kule lazima avue sweta. Dawa inaweza kuituliza ngozi yake kwa wiki chache; jina lile halimtoki upesi hivyo.

"Hasugui vizuri."
Hili linaniuma, kwa kuwa tunamwongezea mtoto ugonjwa kisha tunamlaumu. Baridi ya huku inatupeleka kwenye maji ya moto na sabuni ya mche, na vyote viwili huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Dodoki huikwaruza zaidi. Aoge maji ya uvuguvugu kwa sabuni isiyo na manukato, ajipake mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevunyevu, na chini ya sweta la sufu avae shati la pamba.

"Amerogwa."
Hapana. Ni kinga ya mwili iliyokosea, na mara nyingi kurithi kunachangia. Katika mbalanga, kwa mfano, kinga hushambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi.

"Mvivu, analala darasani."
Muwasho wa pumu ya ngozi huzidi usiku. Asiyelala huwa mkali, hashiki masomo, hukata tamaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wenye magonjwa sugu ya ngozi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi. Tena msongo wa mawazo huichochea ngozi, ngozi nayo ikichachamaa aibu inaongezeka. Kumpa krimu tu bila kumsikiliza ni kutibu nusu.

"Usimuulize, utampa mawazo mabaya."
Kumuuliza kijana waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata ahueni kwamba mtu ameona. Anza taratibu: "Usiku unalala, mwanangu?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake, mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Simu ya watoto, 116, haina malipo.