Kushona viraka bila kielelezo si kushona ovyo

Wengi hudhani kwamba uso wa blanketi la viraka usiofuata kielelezo hupatikana kwa kuunganisha vitambaa vyovyote, popote vinapoangukia. Dhana hiyo haina msingi, na anayeifuata nyumbani hugundua kosa lake pale sehemu mbili kubwa zinapokataa kukutana, moja ikiwa imejikunja katikati na nyingine ikivutika pembeni.

Kinachoachwa huru ni mpangilio wa rangi na upana wa vipande, si ufundi wa mshono. Wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi iliyo kwenye kona ya Mto Alabama, ambao kazi zao zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, wana mtindo uitwao paa la nyumba: huanza na kiraka kimoja cha katikati na kukizungushia mikanda ya kitambaa, upande baada ya upande. Jicho huamua rangi, lakini kila mkanda hupunguzwa ulingane na ukingo unaoupokea.

Kwa hiyo kila mshono upigwe pasi kabla ya kuongeza mwingine, ukingo uliopinda unyooshwe kwa rula na mkasi, na pasalie kitambaa cha takriban milimita 6 nje ya uzi. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika, hivyo kizungukwe na vilivyonyooka. Pengo likijitokeza, huzibwa kwa mkanda wa ziada, ambao mara nyingi (nakiri ni suala la ladha) hupendeza kuliko yote.