Mfumo mpya, daftari lilelile

"Tumeshafunga mfumo, sasa kazi itapungua yenyewe." Nimeambiwa tena wiki iliyopita, kwenye ofisi moja ya watalii hapa Arusha. Mifumo hiyo ya kompyuta naifunga mimi, kwa hiyo ningependa sana iwe kweli. Si kweli. Nami nikisema kwamba kazi ikipungua kweli watu wafanye siku nne kwa wiki kwa mshahara uleule, napingwa kwa hoja ambazo nitazijibu hapa chini.

Tazama ofisi yenyewe. Ombi la mgeni linaingia kwa barua pepe. Dada wa rizavesheni analiingiza kwenye mfumo, analirudia kwenye Excel kwa sababu mhasibu ameizoea, analiandika kwenye daftari kwa sababu mzee, yaani bosi, haamini asichokishika, kisha anaprinti bei ya safari ipelekwe kusainiwa. Kabla sijafika alikuwa anafanya hatua tatu. Nimemwongezea ya nne. Halafu bosi anashangaa vijana wake hawatoki kabla ya saa mbili usiku. Watatokaje?

Umeme ulipoanza kuingia viwandani Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa palepale, na mashine zote zikaendelea kuzungushwa na shafti ileile ya darini, nondo moja ndefu. Tija ikabaki karibu palepale. Ilikuja kupanda hasa miaka ya 1920, kila mashine ilipopata mota yake na kiwanda kizima kikapangwa upya. Miongo mitatu, na umeme upo! Daftari la mzee ndiyo shafti ya darini.

Siku hizi sigusi kompyuta ya mteja kabla hatujakubaliana nini kinafutwa: daftari, kikao, au saini moja kati ya tatu. Akikataa, namshauri hela yake akanunue jenereta.

Sasa zile hoja. "Siku nne ni uvivu wa Wazungu." Mwaka 2022, kampuni 61 za Uingereza zilipunguza saa za kazi kwa miezi sita bila kukata mshahara. Jaribio lilipoisha, 56 ziliendelea. Vikao ni miongoni mwa vitu walivyopunguza. Vikao, ndugu zangu.

"Sheria hairuhusu." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwisho ni saa 45 kwa wiki bila ovataimu. Mwisho! Watu wanaisoma kama dozi. Inaruhusu hata kufika saa 12 kwa siku, kwa makubaliano ya maandishi, ili siku zipungue. Mimi sipendi; uchovu ni uleule, umehamishwa tu siku.

"Na dereva aliyeko Serengeti na wageni siku sita?" Hapo sibishi. Huyo alipwe mapumziko yake akirudi, na masika, Aprili na Mei, wageni wakipungua, aongezewe. Ninayemsemea ni yule dada. Nilipompigia Ijumaa saa moja usiku, alikuwa bado anajaza daftari.