Maadili ya kubadili kumbukumbu: dhana yenyewe ni ipi?

Kwa ufupi, ni mjadala kuhusu nani anaruhusiwa kugusa kumbukumbu ya mtu, kwa sababu gani, na aishie wapi. Kugusa huko kuna sura tatu: kuifuta, kuipunguza makali, au kumpandikizia mtu jambo ambalo halikumtokea. Wengi huogopa zaidi ile ya kufuta, lakini ndiyo iliyo mbali zaidi na uwezo wa sasa.

Kilichofungua mjadala ni ugunduzi kwamba kumbukumbu haikai imara milele. Mwaka 2000, mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walichukua panya waliokwisha kufundishwa kuogopa mlio fulani, wakawasikilizisha mlio ule, kisha wakawadunga ubongoni dawa inayozuia utengenezaji wa protini ambazo ubongo huzihitaji ili kuhifadhi kumbukumbu. Hofu ikapotea. Panya ambao hawakukumbushwa mlio kwanza waliendelea kuogopa kama kawaida, dawa au la. Yaani kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na ubongo hulazimika kuihifadhi upya. Mwanya uko hapo.

Kwa binadamu, jina linalotajwa sana ni propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu. Mwaka 2009, mwanasaikolojia Merel Kindt na wenzake kule Amsterdam waliwaonyesha watu picha za buibui huku wakiwapiga shoti ndogo za umeme. Kesho yake baadhi yao walimeza propranololi kabla ya kukumbushwa picha hizo. Siku ya tatu waliomeza dawa hawakushtuka tena, ingawa walijua vizuri kabisa picha ipi ilikuja na shoti. Habari ilibaki, uchungu ukaondoka. Kwa mtu aliyebakwa au aliyenusurika vitani, asiyelala kwa sababu ya kiwewe, sioni ubaya wa kumpa nafuu ya namna hiyo, iwapo itathibitika kumfaa.

Lakini si kila uchungu ni ugonjwa. Baraza lililomshauri Rais wa Marekani kuhusu maadili ya biolojia lilionya mwaka 2003 kwamba kuzima uchungu wa kumbukumbu kunaweza kuzima dhamiri pia. Mwathirika na aliyemtendea ubaya wanaweza kumeza kidonge kilekile. Mmoja anatibiwa, mwingine anakwepa majuto yake. Kisha kuna mahakama. Shahidi akisimulia unyama aliofanyiwa kwa sauti tulivu, bila chozi, wakili wa upande wa pili atalitumia hilo dhidi yake.

Kupandikiza ndiko kunakotisha. Mwaka 2013, maabara ya mwanasayansi Susumu Tonegawa, katika chuo cha MIT huko Marekani, ilitia alama seli za ubongo wa panya zilizoshika kumbukumbu ya kisanduku kimoja. Panya akahamishiwa kisanduku cha pili, akapigwa shoti miguuni huku seli zile zikiamshwa kwa mwanga. Aliporudishwa kwenye kisanduku cha kwanza aliganda kwa hofu, wakati humo hakuwahi kuguswa na lolote.

Wala hakuhitajiki mwanga. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1995, aliwapa watu visa vya kweli vya utotoni vilivyotoka kwa ndugu zao, akachomeka kimoja cha uongo: kwamba waliwahi kupotea dukani. Takriban robo yao walikikumbuka, chote au sehemu. Kwa hiyo polisi anayerudia swali lilelile mara kumi naye anabadili kumbukumbu, na sheria za maadili zinapaswa kumhusu.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ridhaa. Kumbukumbu ya uongo yenye kuliwaza huenda isishike kwa anayejua ni ya uongo. Kwa hiyo anayetaka kumpa mgonjwa nafuu hiyo atashawishika kumficha, na aliyefichwa hakuridhia. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili sheria ilinde shughuli za ubongo na taarifa zitokanazo nazo. Marekebisho hayo hayasemi lolote kuhusu mwenye ubongo anayekuja mwenyewe, akiwa na akili timamu, kuomba adanganywe.