Kijana Akianza Kunywa Pombe, Msingoje Ayumbe

Tangu sera mpya ya kitaifa ya Kenya kuhusu pombe na dawa za kulevya izinduliwe Julai 2025, wazazi wanatuuliza swali lilelile: umri wa kunywa sasa ni miaka 18 au 21? Sera ilipendekeza 21. Lakini sera si sheria, na tumelieleza jambo hili mara nyingi. Mahakamani kinachofuatwa ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo imetaja 18, hadi Bunge litakapoibadilisha.

Chini ya sheria hiyo, baa haipaswi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Pombe ya paketi ni marufuku, na pombe kali haiuzwi katika chupa iliyo chini ya mililita 250. Anayemuuzia mtoto anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 150,000, kufungwa mwaka mmoja, au yote mawili. Mwenye baa akishtakiwa, utetezi wake ni kuwa aliomba kitambulisho au pasipoti, akaonyeshwa, na akawa na sababu ya kuamini ni halali. "Alionekana mtu mzima" si utetezi. Na wanaosema chang'aa ilihalalishwa waelewe kwamba iliruhusiwa kwa mwenye leseni, anayeifunga na kuiwekea lebo jinsi sheria inavyotaka. Ya mtungi kule kichakani haimo. Februari 2024, watu 17 walifariki Kirinyaga kwa pombe yenye sumu.

Sasa turudi nyumbani. Wazazi wengi hungoja kumwona kijana akipepesuka. Dalili hutangulia: nauli inaisha katikati ya wiki, vitu vidogo vinatoweka, anakwepa kusalimiana kwa karibu, Jumatatu haamki. Tunaumia zaidi tunaposikia mjomba akimsifu kijana kwamba "anaiweza pombe". Kunywa nyingi bila kuonekana umelewa si uhodari. Ni mwili uliokwisha kuizoea, unaodai zaidi kila mara. Akianza kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili mikono iache kutetemeka, huo ni ugonjwa unaohitaji daktari.

Hapa ndipo familia zenye nia njema hukosea. Humfungia chumbani "mpaka pombe imtoke". Tafadhali msifanye hivyo. Aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, hata akafa. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza na vitamini B1, huku akiangaliwa usiku na mchana. Maombi na nasaha za wazee zina nafasi yake, ila haziwezi kuzuia degedege.

Akiwa amelewa hadi haamki, mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Kahawa na maziwa havipunguzi pombe iliyo katika damu. Akilalamika macho yana ukungu au tumbo linamkata saa kadhaa baada ya kunywa, hata kama alionekana amepata nafuu, huenda alikunywa pombe yenye sumu: mkimbizeni hospitali na mchukue chupa aliyonywea.

Kwa ushauri, pigeni 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Mwelezeni mshauri anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Hilo la mwisho msilisahau, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama aende hospitali usiku huohuo.